Kiswahili kikiingia kwenye kipindi cha Kiingereza

"Are we together?" mwalimu anauliza. "Yeees!" darasa zima linaitikia. Anarudia kwa Kiswahili: "Tumeelewana?" "Ndiyooo!" Kengele inalia. Dakika 40 zimekwisha, na hakuna mwanafunzi aliyetamka sentensi moja ya Kiingereza iliyo yake mwenyewe.

Vipindi vya namna hii tunavikuta sana tunapokwenda kuwatathmini wanachuo wa ualimu walioko kwenye mazoezi ya kufundisha. Lawama huangukia Kiswahili. Kwa maoni yangu, kinasingiziwa.

Kuhama lugha katikati ya mazungumzo, wanaisimu hukuita kubadili msimbo. Katika shule za msingi za serikali Tanzania, Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia tangu 1967. Mtoto akiingia kidato cha 1 anakuta fizikia na jiografia vimegeuka Kiingereza. Ukimwambia Kiswahili akiache getini, umemwambia anyamaze. Na hunyamaza kweli, hasa kwenye shule ambako anayenaswa akisema Kiswahili huvalishwa kibao shingoni. Kibao hicho humfundisha mtoto kuangalia nani anapita, basi.

Cha kutazama ni nani anayesema baada ya lugha kubadilika. Mwalimu anayetumia dakika 2 kueleza kwa Kiswahili tofauti ya "since" na "for", kisha akawaachia wanafunzi dakika 10 wazungumze wawili wawili, hajapoteza kitu. Anayetafsiri kila sentensi papo hapo anawazoesha kungoja tafsiri. Halafu piga hesabu: darasa la wanafunzi 60, kipindi cha dakika 40. Hata mwalimu akikaa kimya mwanzo hadi mwisho, kila mmoja akisimama kwa zamu ataambulia sekunde 40. Ndiyo maana nasisitiza wawili wawili, kelele zivumiliwe.

Kipindi kimoja cha kidato cha 2 sijakisahau. Mwalimu aliuliza walifanya nini Jumamosi. Msichana mmoja akasimama: "I go to market, I buy nyanya, mafungu matatu." Nyuma wakaangua kicheko. Akakaa, uso chini.

Mwalimu hakuwakemea, wala hakumsahihisha. Alimgeukia kama jirani mwenye umbea: "Oh, you bought three heaps of tomatoes! How much was one heap?"

Kimya. Kisha, taratibu: "One heap, five hundred. I bought three heaps."

"Bought" ameshaidaka. Tena akaendelea bila kuulizwa: "But one heap was... zimeoza."

"Rotten," mwalimu akamnong'oneza.

"Rotten! I go back, I say, Mama, give me my money!" Alikuwa amesimama tena, mkono kiunoni, na "go" yake palepale.