Je, wajua kwa nini viongozi wa dini hudai kibali cha kazi kwa mwomba hifadhi, yaani mtu aliyekimbia kwao akiomba kulindwa?

Anayekaa Mbeya amezoea kusikia kwamba Waethiopia au Wasomali wamekamatwa wakielekea Tunduma, mpakani na Zambia. Wengi wao wanakwenda Afrika Kusini kutafuta maisha. Lakini akiwemo hata mmoja aliyekimbia kuuawa, huyo sheria inamtazama tofauti. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 unakataza kumrudisha mahali ambapo maisha yake yako hatarini, na haumruhusu mtu kuadhibiwa kwa kuvuka mpaka bila kibali tu, mradi ajitokeze mapema aeleze shida yake. Sheria yetu ya Wakimbizi ya 1998, hapa Tanzania, inampa siku 7 za kuripoti, na anaweza kuripoti hata kwa mtendaji wa kijiji.

Nani amwambie hayo, naye hajui neno la Kiswahili? Mchungaji, padri au shehe anayetembelea mahabusu anaweza kuwa mtu wa kwanza kumuuliza alikimbia nini, kisha akamtafutia mkalimani na wakili. Kazi hiyo haionekani, na mimi naiona kubwa kuliko mahubiri mengi.

Sasa kwa nini viongozi hao wamwombee na kibali cha kazi, badala ya kumchangishia unga na blanketi tu? Waislamu wanamkumbuka Abdurrahman bin Auf, sahaba wa Mtume Muhammad. Alipohamia Madina mikono mitupu, mwenyeji wake Saad bin Rabii alitaka kumgawia nusu ya mali yake. Abdurrahman akamwombea baraka, akauliza soko liko wapi, akaenda kuuza samli na jibini. Wakristo nao wanasoma Kumbukumbu la Torati 24: kibarua mgeni alipwe ujira wake siku ileile, kabla jua halijachwa. Asiye na kibali atachimba viazi huko milima ya Uporoto kutwa nzima, na tajiri akimdhulumu hana pa kushtaki, maana akienda polisi anajishtaki mwenyewe.

Ndiyo, ajira ni chache na vijana wetu wanahangaika. Ila kibarua asiye na haki ndiye anayeshusha ujira wa wote, kwa kuwa atakubali chochote.

Kwa sheria yetu, mkimbizi hukaa katika eneo alilopangiwa, kama kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, na kufanya kazi kunahitaji kibali. Haikuwa hivyo kila wakati. Shirika la Kikristo la kuhudumia wakimbizi, TCRS, lililoanzishwa 1964 chini ya Shirikisho la Walutheri Duniani, lilishirikiana na serikali kuendesha makazi ya Katumba na Mishamo, mkoa wa Katavi wa leo. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipewa ardhi wakalima, wakajilisha, wakauza ziada. Mwaka 2014 serikali ilikamilisha kuwapa uraia wakimbizi hao wa 1972 na watoto wao, wapatao 162,000.