Hiyo h-indeksi si ya kumlinganishia mtu wa malaria na mtu wa isimu

Imetokea tena. Mwenzetu mmoja kaja na karatasi mbili alizozichapa kutoka Google Scholar, ule mtandao unaotafuta makala za kitaalamu na kuhesabu zimerejelewa mara ngapi, moja ya mtafiti wa malaria, nyingine ya mwalimu wa isimu ya Kiswahili. "Maalim, huyu ana h-indeksi ya 24, huyu ana 5. Nani apandishwe cheo, tena pana swali hapo?"

Lipo, yakhe.

H-indeksi yenyewe haina uchawi. Ukiwa na 5, una makala 5 ambazo kila moja imerejelewa, yaani imetajwa katika kazi za wengine, angalau mara 5. Aliibuni mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005, na katika makala ile ile akasema kuwa watu wa sayansi za viumbe huwa na namba kubwa kuliko wanafizikia. Fundi wa kipimo kasema mwenyewe! Sisi tunauliza kipi kingi, kilo kumi za karafuu au doti kumi za kanga.

Malaria ina wasomaji dunia nzima, makala zake huandikwa na kundi la watu na hurejelewa upesi. Fizikia ya chembe ndiyo usiseme: mwaka 2015 ilitoka makala ya CERN, maabara kubwa ya fizikia ya Ulaya, kuhusu masi ya chembe ya Higgs yenye waandishi zaidi ya 5,000, na kila mmoja huhesabiwa makala nzima. Hayo nayapita.

Linaloniudhi ni kile ambacho mashine haikioni. Scopus, hazina nyingine ya kuhesabu marejeleo, huorodhesha majarida iliyoyachuja yenyewe, mengi ya Kiingereza. Google Scholar huona zaidi, lakini tasnifu iliyolala rafuni bila kuwekwa mtandaoni haina habari nayo. Kamusi je? Mwalimu wa skuli anaifungua, mtangazaji anaifungua, wewe unaifungua. Lini mara ya mwisho uliiandika kwenye marejeleo yako?

Halafu yaje majina yetu. Wengi wetu hatutumii jina la ukoo: tuseme Ali Khamis Ali, hilo la tatu ni la babu. Jarida moja litamwandika A. K. Ali, jengine Khamis Ali, A., na mhariri wa tatu ataidondosha k awe Hamis. Mashine inampasua watu watatu, au inamchanganya na kina Ali wa Misri na Pakistani. Makala yake iliyorejelewa mara 8 inajitokeza kama makala mbili, mara 4 kila moja. Sasa hakuna hata moja inayofika 5, na h-indeksi yake inaweza kushuka bila yeye kufanya lolote. Namba ya ORCID, kitambulisho cha mtafiti kinachobaki kile kile hata jina likiandikwa vingine, ipo, ni bure, inajazwa kwa dakika chache. Nimechoka kulisema hili.

Na kurejelewa si kusifiwa, jamani. Makala ya Andrew Wakefield ya 1998, iliyotaka kuihusisha chanjo na usonji, jarida la The Lancet liliifuta mwaka 2010. Imerejelewa mara nyingi mno, na wengi ni wanaoipinga.

Vitabu vitakwambia dawa ni kuigawa idadi ya marejeleo kwa wastani wa fani, ambapo 1 ni wastani wa dunia. Ni afadhali, sikatai. Lakini anayeandika juu ya kinamama wakulima wa mwani wa Paje, hapa Unguja, yuko fani gani: bahari, uchumi au jinsia? Mara nyingi mfumo huangalia jarida lililomchapisha, si alichokiandika. Mhamishe jarida, na namba yake inahama. Hapo sina jibu.

"Basi tusome kazi zenyewe." Ndivyo nisemavyo na mimi, ila si kwa moyo mkunjufu. Kwenye kamati ya watu saba, nani ataisoma parasitolojia, elimu ya vimelea, na fonolojia, yaani mfumo wa sauti, ya lahaja ya Kimakunduchi akazielewa zote mbili? Na visiwa hivi ni vidogo, msomaji hakosi kuwa jirani au mkwe wa anayesomwa. Namba, pamoja na kasoro zake zote, haina shemeji. Ndiyo maana siwaambii watu waitupe. Nawaambia isivuke fani.

Mwenye ukurasa wake Google Scholar aufungue usiku huu, atazame makala ambazo si zake, azitoe. Ndiyo, hata ile inayokupandisha.