Je, wajua kesi iliyovunja ubaguzi kwenye mabasi ya Montgomery haikuwa ya Rosa Parks?

Kwetu kumpisha mtu kiti ni adabu. Akipanda bibi kizee au mama mwenye mtoto mgongoni, kijana hunyanyuka bila kuambiwa. Montgomery, mji mkuu wa jimbo la Alabama nchini Marekani, kupisha kulikuwa sheria, na kilichoangaliwa ni rangi. Kizee mweusi alitakiwa kumpisha hata kijana wa Kizungu.

Basi lenyewe lilikuwa na viti 36. Kumi vya mbele vilikuwa vya Wazungu, hata vikibaki vitupu. Kumi vya nyuma vilikuwa vya Weusi, na vile 16 vya katikati dereva alivigawa atakavyo. Abiria mweusi alilipa senti zake 10 mlango wa mbele, kisha mara nyingi akaambiwa ashuke, azunguke, apandie mlango wa nyuma. Wapo madereva walioondoa gari kabla hajaufikia, nauli imeshaliwa. Mwaka 1943 dereva James Blake alimshusha mwanamke aliyekataa kuzunguka hivyo. Mwanamke huyo, fundi cherehani, aliitwa Rosa Parks.

Tarehe 1 Desemba 1955 Parks alipanda basi bila kumtazama dereva, kumbe ni Blake yuleyule. Weusi wanne waliokaa safu moja wakaamriwa wasimame wote ili Mzungu mmoja aketi, maana Mweusi hakutakiwa kuwa naye safu moja. Watatu walisimama. Parks alisogea dirishani, akakaa. Alikamatwa, akahukumiwa kulipa dola 10 na gharama za mahakama dola 4.

Hapo ndipo wengi tunapoishia, kama vile kukataa kwake tu kulitosha. Hakukutosha. Rufaa yake ilikuwa mikononi mwa mahakama za Alabama, ambazo zingeweza kuivuta miaka na miaka. Wakili kijana mweusi, Fred Gray, akaamua kupita njia nyingine. Februari 1956 alifungua kesi mpya katika mahakama ya shirikisho, yaani ya serikali kuu ya Marekani, si ya jimbo, akimwacha Parks nje kwa makusudi, isije ikasemwa kwamba anakwepa mashtaka yake. Walalamikaji walikuwa wanawake wengine wanne walioamriwa kupisha kabla yake: Aurelia Browder, Susie McDonald, Mary Louise Smith na Claudette Colvin.

Colvin ndiye anayenigusa zaidi. Tarehe 2 Machi 1955, miezi tisa kabla ya Parks, alikuwa mwanafunzi wa miaka 15 anayetoka shule. Alikataa kusimama, polisi wakamburuta nje na kumfunga pingu. Baadaye alieleza kwamba alijisikia kama Harriet Tubman amembana bega moja na Sojourner Truth bega la pili, wanawake Weusi waliopigana na utumwa zamani. Mbona basi mji haukusimama siku ile? Jibu halipendezi. Kwenye rufaa, jaji alifuta shtaka la kuvunja sheria ya ubaguzi, akaacha la kumshambulia polisi, kwa hiyo haikubaki njia ya kuipinga sheria yenyewe. Viongozi nao walimwona mdogo na mkali, na baadaye akapata ujauzito kabla ya ndoa. Walitaka mtu ambaye magazeti hayatapata pa kumshika.

Parks alifaa. Alikuwa na miaka 42, mtulivu, tena katibu wa tawi la NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi. Usiku aliokamatwa, mwalimu Jo Ann Robinson na wenzake walichapa vipeperushi makumi ya maelfu vya kuwaomba Weusi wasipande mabasi, na Jumatatu mabasi yakapita matupu. Mgomo ulidumu siku 381. Kampuni iliumia, kwa sababu karibu robo tatu ya abiria wake walikuwa Weusi. Watu walitembea kwa miguu au wakapanda magari ya kuchangiana, takriban 300. Ila mgomo peke yake haukuwa na uwezo wa kufuta sheria. Kilichoifuta ni ile kesi ya wanawake wanne.

Mei 1956 Colvin alipanda kizimbani kutoa ushahidi. Alipoulizwa kiongozi wao ni nani, alijibu kuwa ni wao wenyewe. Mwezi uliofuata majaji wawili kati ya watatu waliamua kwamba kutenganisha abiria kunavunja Katiba. Tarehe 13 Novemba Mahakama ya Juu ya Marekani ikaunga mkono, siku ileile mahakama ya Alabama ilipopiga marufuku yale magari ya kuchangiana. Watu wakatembea tena zaidi ya mwezi mmoja, hadi amri ilipofika Montgomery tarehe 20 Desemba.

Picha maarufu ya Parks akiwa ameketi mbele ya Mzungu ilipigwa kesho yake. Yule Mzungu ni mwandishi wa habari, ilipangwa. Colvin alihamia New York, akafanya kazi ya kuhudumia wazee kwa miaka 35. Kosa lake la mwaka 1955 lilifutwa kwenye kumbukumbu za mahakama Montgomery mwaka 2021, akiwa na miaka 82.