Tarehe 17 mwezi wa kwanza ilianza saa ngapi?

Kila mwaka mpya ukiingia, marafiki wa redio hapa Lubumbashi huniomba niwaandalie matukio ya tarehe 17 Januari, siku ya mapumziko ya kumkumbuka Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo. Wanataka majina: nani alizaliwa, nani alikufa. Hayo hayakosekani. Al Capone alizaliwa siku hiyo mwaka 1899, na Muhammad Ali 1942, yule aliyemwangusha George Foreman pale Kinshasa mwaka 1974. Benjamin Franklin naye, ingawa Boston alikozaliwa watu waliiita siku ile tarehe 6: Waingereza walikuwa bado hawajaacha kalenda ya Juliani, ile ya zamani iliyokuwa nyuma kwa siku 11.

Mambo mawili kuangukia tarehe moja si ajabu, maana historia yote ya dunia inagawana siku 366 tu. Mimi huhangaika zaidi na kuhakikisha kwamba jambo lilitokea kweli siku hiyo.

Chukueni Lumumba mwenyewe. Mwaka 1961 ndege iliyomleta pamoja na wenzake wa kisiasa, Maurice Mpolo na Joseph Okito, ilitua Luano, uwanja wa ndege wa hapa Lubumbashi, jioni, na usiku uleule wakapigwa risasi porini, nje ya mji. Serikali ya Katanga, jimbo letu lililokuwa limejitenga na Kongo, ikaficha vifo hivyo hadi tarehe 13 Februari, ndipo waziri wake Godefroid Munongo akatangaza kwamba walitoroka wakauawa na wanakijiji. Anayetegemea magazeti ya wakati ule atamzika Lumumba mwezi wa pili. Tume ya bunge la Ubelgiji ndiyo iliyothibitisha, mwaka 2001, kwamba hazikupita saa tano tangu ndege itue.

Tarehe hiyohiyo ya 17 Januari 1961 Rais Eisenhower aliwaaga Wamarekani kwa hotuba, akiwaonya juu ya nguvu za jeshi na viwanda vya silaha. Orodha nyingi huyaweka mambo haya mawili bega kwa bega. Lakini Eisenhower alianza kusema saa mbili na nusu usiku ya Washington. Huku kwetu ilikuwa saa tisa na nusu usiku, tayari tarehe 18, na Lumumba alikuwa amekufa karibu saa sita zilizopita. Tetemeko la Kobe la 1995 ni kinyume chake: Japani ilikuwa alfajiri ya tarehe 17, sisi tukiwa bado usiku wa 16.

Goma, mwaka 2002, haina utata wa saa. Volkano ya Nyiragongo ilipasuka ubavuni asubuhi ya tarehe 17, lava ikashuka mjini, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege na kuingia Ziwa Kivu. Vifo ndivyo haviwezi kuandikwa vyote siku hiyo: wengine waliuawa siku chache baadaye, kituo cha mafuta kilipolipuka.

Halafu huniuliza kuhusu Rais Laurent-Désiré Kabila. Alipigwa risasi tarehe 16 Januari 2001; serikali ilitangaza kifo chake tarehe 18. Wanataka niwape tarehe moja ya kusoma hewani. Nawaandikia zote mbili.