Kusikia sauti si kuelewa neno: dhana potofu kuhusu vipimo vya usikivu kwa watu wazima

"Mimi nasikia vizuri, watu ndio wanaomung'unya maneno."

Anayesema hivi kwa kawaida ameletwa kliniki na mwenzi wake au watoto, na hadanganyi. Sauti kweli anaisikia. Irabu za Kiswahili zina nguvu, na sehemu kubwa ya nguvu hiyo iko kwenye sauti nzito. Konsonanti kama s, f, th na t ni hafifu na zimekaa kwenye sauti nyembamba, kuanzia hezi 2000 kwenda juu (hezi ni kipimo cha wembamba wa sauti). Umri na kelele za kazini huanza kula huko juu. Mwambie mtu huyo maneno manne: saa, taa, faa, kaa. Masikioni mwake yote yanaingia kama "aa" yenye mwanzo wa kukisia. Akiwa sebuleni kumetulia, anaangalia midomo yako na kujaziliza. Akiwa msibani au kwenye kikao cha harusi, anapotea kabisa.

Ndiyo sababu kila sauti hupimwa peke yake: hezi 250, 500, 1000, 2000, 4000 na 8000, na mara nyingi 3000 na 6000 pia. Desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti: namba ikiwa kubwa, sauti ilibidi iongezwe zaidi ndipo isikike. Mtu anaweza kupata desibeli 15 kwenye hezi 500, kiwango cha mtu mwenye masikio mazima, kisha desibeli 60 kwenye hezi 4000. Umbo la mstari unaochorwa kwa majibu hayo nalo lina habari. Kwa fundi wa kuchomelea au mwendesha mashine ya kusaga, mstari huchimba shimo karibu na hezi 4000 kisha hupanda kidogo kwenye 8000. Wa uzee huteremka tu, haupandi tena.

"Programu ya simu imeniambia niko sawa, inatosha."

Programu za simu na jaribio la kunong'ona nyuma ya mtu ni vichujio. Vinasaidia kujua nani apelekwe kliniki. Haviwezi kusema kama tatizo ni nta, maji nyuma ya kiwambo (ngozi nyembamba iliyo mwisho wa mfereji wa sikio) au mshipa wa fahamu. Hedifoni za simu kwa kawaida hazijarekebishwa kwa kipimo cha kliniki, na chumbani kwako kuna feni na barabara. Odiomita ya kliniki, yaani mashine inayotoa milio ya kupimia usikivu, hukaguliwa kipimo chake angalau mara moja kwa mwaka, na mpimwaji hukaa kwenye chumba kilichozuiwa sauti.

"Kipimo chenyewe ni kubonyeza kitufe ukisikia mlio."

Hiyo ni hatua moja, na matokeo yake yakisimama peke yake yanaweza kumpeleka mtu kununua mashine ya kusikia wakati alihitaji kusafishwa sikio.

Kwanza sikio huangaliwa ndani kwa otoskopu. Nta inapaswa kuziba njia karibu yote ndipo usikivu ushuke, kwa hiyo kuona nta kidogo hakuelezi uziwi. Njiti za kiberiti, unyoya wa kuku na vijiti vya pamba huisukuma nta hadi kwenye kiwambo, na hapo ndipo inapoziba kweli.

Kisha huja milio kwa hedifoni. Mpimaji huanza na sikio linalosikia vizuri zaidi, kwenye hezi 1000. Ukisikia anashusha desibeli 10. Usiposikia anapandisha 5. Anarudia hivyo mpaka apate kiwango cha chini kabisa unachokijibu walau nusu ya mara anapopanda. Baadaye hurudia hezi 1000, na jibu likitofautiana na la mwanzo kwa zaidi ya desibeli 5 au 10, anasimama, anaeleza upya na kuanza tena.

Halafu kitetemeshi kidogo huwekwa kwenye mfupa wa nyuma ya sikio. Hiki hupeleka sauti moja kwa moja kwenye sikio la ndani, bila kupitia kiwambo wala vifupa vitatu vya sikio la kati. Hapa ndipo kiini cha kazi yote. Ukipata desibeli 50 kwa hedifoni na 10 kwa mfupa, sikio la ndani ni zima na kuna kizuizi njiani: nta, maji, kiwambo kilichotoboka, vifupa vilivyokwama. Mengi ya hayo yana tiba kwa daktari wa masikio, pua na koo. Ukipata 50 na 50, shida iko sikio la ndani au kwenye mshipa wa fahamu. Hedifoni peke yake ingetoa jibu lile lile kwa watu hawa wawili.

Timpanometri huthibitisha. Kidude chenye ncha ya mpira huziba sikio na kubadilisha shinikizo la hewa, kama masikio yanavyoziba basi likipanda mlima Kitonga. Huhitaji kujibu, usimeze mate wala kuongea tu. Mstari wa matokeo wenye kilele karibu na shinikizo la sifuri maana yake kiwambo kinacheza vizuri. Mstari bapa husomwa pamoja na ujazo, yaani nafasi ya hewa iliyo mbele ya ncha ndani ya sikio: bapa wenye ujazo wa kawaida, mililita 0.6 hadi 1.5 hivi kwa mtu mzima, huashiria maji nyuma ya kiwambo. Bapa wenye ujazo mkubwa, mfano mililita 3, huashiria tundu, maana mashine inapima na chumba cha nyuma. Ujazo mdogo mno mara nyingi ni ncha iliyogusa ukuta wa sikio au nta, na kipimo kirudiwe.

Mwisho ni maneno. Kiwango cha chini unachoweza kurudia maneno kinapaswa kukaribiana na wastani wa milio yako ya hezi 500, 1000 na 2000, ndani ya desibeli 10 hivi. Visipokubaliana, kuna kosa la kipimo au mtu hajibu kwa ukweli. Halafu maneno husomwa kwa sauti ya kutosha ili kuona unayapata mangapi. Sisitiza upimwe kwa lugha unayoitumia kila siku. Bibi aliyezoea Kiswahili akisomewa orodha ya Kiingereza, kinachopimwa ni Kiingereza chake.

"Ule uvumi waliouweka sikio la pili ulikuwa wa kunichanganya."

Uvumi huo, yaani kelele ya "shhh" inayowekwa kwenye sikio lisilopimwa ili lisijibu, ni ulinzi wako. Mlio mkali wa hedifoni za kawaida unaweza kuvuka fuvu na kusikika upande wa pili kuanzia tofauti ya desibeli 40 hivi. Mtetemo wa mfupa huvuka karibu wote. Mtu mwenye sikio la kushoto lililokufa kabisa na la kulia zima, akipimwa bila uvumi, ataonekana ana upungufu wa wastani tu kushoto, kwa sababu sikio la kulia ndilo linalomjibia. Akiuziwa mashine ya sikio hilo haitamfaa kitu. Wewe puuza uvumi na usikilize mlio.

"Nikibahatisha nitafaulu."

Hakuna kufaulu hapa. Anayebonyeza ovyo hugundulika upesi, kwa kuwa mpimaji huacha vipindi vya kimya visivyolingana. Kosa la kawaida zaidi ni kinyume chake: mtu mzima mwangalifu anayesubiri mpaka awe na uhakika, na hivyo kuonekana anasikia vibaya kuliko alivyo. Bonyeza hata mlio ukiwa hafifu kama mbu wa chumba cha pili. Ukiwa na mlio wa kudumu sikioni, sema mapema ili utumiwe milio ya kukatika-katika. Vua hereni na miwani, na kilemba au hijabu isibaki chini ya hedifoni. Kwa wazee, hedifoni zikibana sana zinaweza kuufunga mfereji laini wa sikio na kuleta uziwi wa uongo kwenye sauti nyembamba. Vipokea sauti vya kuingizwa ndani huondoa tatizo hilo. Na usiende ukitoka kwenye mashine au muziki mkubwa: lipe sikio saa 16 hivi za utulivu.

"Nimeambiwa desibeli 40, yaani nimepoteza asilimia 40."

Desibeli si asilimia. Kila desibeli 10 ni nguvu ya sauti mara kumi. Sifuri nayo si ukimya. Ni wastani wa kile ambacho vijana wenye masikio mazima huanza kukisikia. Kwa madaraja ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021, chini ya 20 ni kawaida, na 40 iko kwenye upungufu wa wastani, unaoanzia 35 na kuishia kabla ya 50.

"Sikio limeziba ghafla, tutie mafuta ya uvuguvugu tusubiri."

Tafadhali usisubiri. Usikivu wa sikio moja ukishuka ndani ya siku tatu, hasa ukiambatana na mlio au kizunguzungu, hiyo ni dharura hata kama hakuna maumivu. Dawa za steroidi husaidia zaidi zikianza mapema, na baada ya wiki mbili nafasi hupungua sana. Daktari mwenye uma wa sauti wa hezi 512, chuma chenye ncha mbili kinacholia kikigongwa, anaweza kupata dalili palepale: ukiwekwa katikati ya paji la uso, sauti ikivutwa upande ulioziba, yaelekea ni nta au maji, ikivutwa upande mzima, sikio la ndani limeguswa na vipimo kamili vifanyike siku hiyo hiyo.

"Dawa za hospitali haziharibu masikio."

Baadhi huharibu. Sindano za amikasini, streptomaisini na jentamaisini, pamoja na sisiplatini ya saratani, zinaweza kuua seli za sikio la ndani, kuanzia sauti nyembamba kabisa. Omba upimwe kabla ya dozi ya kwanza na upimwe tena wakati wa matibabu; bila karatasi ya mwanzo hakuna cha kulinganisha.

Karatasi hiyo ni mali yako, omba nakala. Iwe na tarehe, duara jekundu kwa sikio la kulia na X ya bluu kwa la kushoto, alama za mfupa, na timpanogramu (michoro ya timpanometri) zote mbili. Mabano ya [ na ] huonyesha kwamba mfupa ulipimwa kwa uvumi. Yakikosekana ilhali masikio yanatofautiana sana, uliza kwa nini.