Kiwiko cha mtoto hakichuliwi

Msimu wa maembe ukianza, najua nitakayempokea: mtoto wa miaka mitano, sita au saba, kaanguka mtini, kaushikilia mkono mmoja kwa mwingine, kiwiko kimevimba na kinang'aa mafuta. Nikiyaona yale mafuta najua keshachuliwa, na safari ya kuja kwetu hospitalini imeanza kesho yake au mtondo.

Vidole anavichezesha. Si kateguka tu?
Hapana. Mfupa wa juu ya kiwiko unaweza kuwa umekatika vipande viwili na vidole vikacheza. Kiwiko cha mtoto kikivimba baada ya kuanguka, hesabu kwamba kimevunjika mpaka picha ya eksirei ikatae.

Tumchue kidogo, tuone asubuhi?
Hapana. Usichue, usivute, usinyooshe. Mbele ya kiwiko unapita mshipa mkubwa wa damu unaolisha mkono hadi vidoleni, na neva zimepita papo hapo. Ncha ya mfupa uliovunjika ni kali. Kila ukikanda, unaisukuma ncha hiyo kwenye mshipa.

Fundi wa mifupa yeye hachui, anafunga vijiti tu.
Anafunga kwa kukaza, na mkono bado unavimba. Uvimbe ukikosa pa kwenda, damu haipiti, na ndani ya saa sita hivi misuli inaanza kufa. Ikishakufa inasinyaa na kuwa mifupi. Daktari Mjerumani, Richard von Volkmann, aliueleza mkono huu mwaka 1881, na mimi bado naushika kliniki: vidole vimejikunja, na vinanyooka pale tu unapokikunja kifundo cha mkono. Mtoto wa namna hiyo kushika kijiko ni kazi, na hakuna upasuaji utakaomrudishia mkono aliokuwa nao. Kwa hiyo narudia: usichue, na usimpeleke kufungwa vijiti.

Hata hogo la hospitali, yaani plasta ngumu ya kushikiza mfupa, linaweza kubana. Maumivu yakizidi badala ya kupungua, rudi saa hiyohiyo. Usingoje tarehe ya kliniki.

Eksirei inaonyesha mfupa mzima. Mbona mnataka kupiga nyingine?
Kwa sababu sehemu kubwa ya kiwiko cha mtoto mdogo bado ni gegedu, yaani mfupa laini ambao haujawa mgumu, na gegedu halionekani kwenye eksirei. Linageuka mfupa kidogo kidogo, sehemu moja baada ya nyingine, kuanzia kama mwaka mmoja hadi miaka 11 hivi. Ufa uliopita kwenye gegedu upande wa nje wa kiwiko unaweza kuonekana kama kijipande chembamba tu, au usionekane kabisa. Ndiyo maana tunapiga kwa pembe nyingine, wakati mwingine hata kiwiko cha mkono wa pili usioumia ili tulinganishe. Kipande kikiwa kimehama, kinarudishwa kwa upasuaji na kushikizwa kwa pini. Kikiachwa, huenda kisiunge: mkono unakua umepinda kwa nje, na miaka mingi baadaye kidole cha mwisho na cha pete vinaanza kufa ganzi.

Hogo limetolewa, kiwiko kigumu. Sasa nichue?
Hapana, hata sasa! Kiwiko kikikandwa na kulazimishwa, mfupa unaweza kuota ndani ya msuli, na hapo ugumu unazidi. Mwache akikunje mwenyewe: ale kwa mkono huo, aoge, acheze. Ugumu huo huisha kwa wiki na miezi, usiwe na haraka.

Akianguka usiku huu nifanye nini?
Mvue bangili. Mkono uache ulivyo, uninginize shingoni kwa kanga. Usimpe chakula wala kinywaji, huenda akahitaji dawa ya usingizi. Mpeleke usiku huohuo. Njiani mguse vidole: vikiwa baridi, vyeupe au vimekufa ganzi, ukifika usikae kwenye foleni. Nenda moja kwa moja kwa muuguzi, sema, "Vidole vya mwanangu ni vya baridi."