Mwanamke wa Kisikh, vipodozi na maneno ya mitandaoni: yanayosemwa na yaliyo kweli

Afrika Mashariki tunawajua Masingasinga, yaani Wasikh, tangu enzi za ujenzi wa reli ya Mombasa, na aliyewahi kushuka njiani akala bure kwenye gurdwara, yaani hekalu lao, ya Makindu amewaona kwa karibu. Kisichojulikana sana ni mzozo unaowasumbua wao kwa wao mitandaoni, kuanzia Punjab, India, hadi Southall, London, na Brampton, Kanada. Mwanamke mwenye jina la Kaur, jina la wanawake wa Kisikh, pengine amefunga kilemba, anaweka video akifundisha kupaka wanja na rangi ya mdomo. Saa chache baadaye anaambiwa avue kilemba, anashutumiwa kwamba ametinda nyusi, anatakiwa aache kutumia jina la Kaur.

Wanaomkosoa na wanaomtetea hudai kusimama kwenye rehat, yaani mwenendo wa Kisikh. Basi kipimo kipo. Ni Sikh Rehat Maryada, mwongozo uliopitishwa mwaka 1945 na SGPC, kamati inayosimamia gurdwara za kihistoria za Punjab. Ni kijitabu kifupi, na mengi yanayotupwa kwenye maoni hayamo ndani yake.

Dhana: Rehat imekataza vipodozi.

Haikutaja. Hakuna kifungu kinachozungumzia poda, wanja, rangi ya mdomo wala rangi ya kucha. Kuhusu mavazi, mwongozo unasema Sikh hana sharti wala katazo isipokuwa kachhera, ile kaptura ya ndani, na kilemba, kisha unaongeza kwamba mwanamke anaweza kufunga kilemba au asifunge.

Hoja nzito zaidi ya wakosoaji haitoki kwenye mwongozo bali kwenye maandiko yenyewe. Katika ukurasa wa 16 wa Guru Granth Sahib, kitabu kitakatifu cha Wasikh, Guru Nanak, mwanzilishi wa dini hiyo, anaonya dhidi ya vazi linaloutesa mwili na kuijaza akili mawazo mabaya. Hii ni hoja ya kuheshimiwa, na mwanamke anayeuza urembo anapaswa kuisikia. Lakini ni onyo linalomtaka kila mtu ajipime nafsi, na linamhusu mwanamume mwenye saa ya bei mbaya sawa na mwanamke mwenye kijaluba cha poda. Kuligeuza liwe sheria ya lipustiki ni kuongeza neno lisilokuwepo.

Dhana: Picha inatosha kuthibitisha kwamba ametinda nyusi.

Hapa ndipo dhuluma nyingi hufanyika, kwa hiyo tuingie ndani kidogo.

Kutinda kwa uzi hung'oa nywele kutoka kwenye shina. Siku ya kwanza ngozi huwa nyekundu, wakati mwingine na vipele vidogo, na wiki 2 hadi 4 baadaye vinywele vifupi vigumu huchomoza nje ya mstari. Hizo ndizo dalili, nazo huonekana kwa jicho lililo karibu na kwenye mwanga wa jua, si kwenye picha ndogo ya simu.

Mpambaji hodari hupata mstari uleule bila kung'oa unywele hata mmoja. Anachana nyusi kuelekea juu kwa brashi ndogo, anapaka jeli au sabuni ya nyusi na kuisubiri ikauke, anajaza mapengo kwa penseli, kisha anapitisha konsila (krimu ya kuficha madoa) nyembamba chini ya nyusi na kuigongagonga kwa sponji. Nywele zilizotawanyika zinalala chini ya konsila na kamera haizioni. Konsila ikizidi hugandamana kwenye vinywele, na ukikuza picha utaona vidoa vyeupe kando ya nyusi. Vidoa hivyo ni ushahidi kwamba nywele zipo.

Na malaika za usoni, yaani vinywele laini, vilevile. Faundesheni ikipakwa kidogo kidogo kufuata nywele zinakolalia, kutoka shavuni kushuka taya, zinalala na kupotea machoni. Ukipaka kinyume, zinasimama. Poda ikiwa nyingi hung'ang'ania ncha za nywele na uso mzima huonekana una vumbi. Ongeza filta: simu nyingi hulainisha ngozi zenyewe hata kabla mtu hajachagua chochote, na ulainishaji huo hufuta malaika, vinyweleo na nusu ya nyusi.

Kwa hiyo anayetoa hukumu kutokana na video ya sekunde 30 anahukumu taa, jeli na programu ya simu. Kumwita Sikh mwenzako mvunja ahadi kwa ushahidi wa namna hiyo ni jambo zito, na mara nyingi ni uongo.

Dhana: Nyusi ni jambo dogo, wakosoaji wanatafuta ugomvi tu.

Hii ni dhana ya watetezi, nayo pia si kweli. Tangu Guru Gobind Singh, Guru wa kumi, alipoanzisha Khalsa, jumuiya ya Wasikh walioapa, kule Anandpur mwaka 1699, kesh, yaani nywele zisizoguswa na wembe wala mkasi, ni ya kwanza kati ya K tano, alama tano za imani ambazo majina yake huanza na K. Nyingine ni kangha, kitana cha mbao, kara, bangili ya chuma, kirpan, upanga mfupi, na kachhera. Aliyepokea amrit, kile kiapo cha kuingia Khalsa, anaepuka makosa makuu 4: kuharibu nywele, kula nyama ya kutha iliyochinjwa kwa ibada, kuzini, na kutumia tumbaku. Kuondoa nywele kumewekwa safu moja na uzinzi. Nywele za nyusi ni nywele, na za mguuni ni nywele.

Uzito huu umefika hadi mahakamani. Mei 2009, Mahakama Kuu ya Punjab na Haryana iliamua kesi ya mwanafunzi aliyenyimwa nafasi iliyotengwa kwa Wasikh katika chuo cha udaktari Amritsar kwa sababu alitinda nyusi. Mahakama ilikubaliana na chuo, ikasema kutunza nywele ni nguzo ya msingi ya dini hiyo. Unaweza kuuona uamuzi huo mkali, na wengi waliuona hivyo, lakini huwezi kusema jambo lenyewe ni dogo.

Kilicho kibaya ni upendeleo. Mwongozo haukuweka kipimo kimoja cha dada na kingine cha kaka. Mwanamume anayepunguza ndevu kwa mkasi amefanya kosa lilelile la nyusi, na anayezipaka rangi ili kuficha mvi anatajwa waziwazi miongoni mwa wanaostahili adhabu ya kidini. Tazama picha za wanaoongoza mashambulizi: wengi ndevu zao zimechongwa kwa mashine, na hakuna anayewauliza.

Dhana: Kila mwenye jina la Kaur ameshakula kiapo.

Hapana. Watoto wa kike hupewa jina hilo wakiwa wachanga. Ndani ya jamii kuna amritdhari, aliyepokea amrit. Kuna keshdhari, anayetunza nywele bila kupokea amrit bado. Na kuna sahajdhari, anayeikubali imani lakini hajafikia kutunza nywele. Hadhi ya huyu wa mwisho ina mgogoro wa kweli: mwaka 2016 Bunge la India lilibadili sheria ya gurdwara ya mwaka 1925 na kuwaondoa sahajdhari kwenye daftari la wapiga kura wa SGPC. Ila kunyimwa kura si sawa na kufukuzwa kwenye ibada. Mlango wa gurdwara uko wazi kwa yeyote aliyevua viatu na kufunika kichwa.

Ndiyo maana swali la kwanza la mkosoaji wa haki lingekuwa: huyu ameahidi nini? Ambaye hakula kiapo hawezi kuvunja kiapo.

Dhana: Kilemba ni cha wanaume, mwanamke anakivaa kutafuta wafuasi.

Wanawake wa Akhand Kirtani Jatha, kundi mojawapo la Kisikh, hufunga keski, kilemba kidogo, kama sharti, kwa kuwa kundi hilo huihesabu keski yenyewe kuwa K mojawapo. Wengine huchagua tu, kama mwongozo unavyoruhusu. Kinyume chake, mwongozo unasema haifai mwanamke wa Kisikh afunike uso kwa shela, jambo ambalo harusi nyingi husahau.

Dhana: Hereni na kipini havina neno, maana bibi zetu walivaa.

Mwongozo unakataza kutoboa pua au masikio kwa ajili ya mapambo, kwa wanaume na wanawake. Mila ya Punjab ni kitu kimoja, rehat ni kingine. Ajabu ni kwamba kipini cha bibi arusi hupongezwa na wale wale wanaopigia kelele rangi ya mdomo, ambayo haikukatazwa.

Dhana: Mwanamke mwenye ndevu hajitunzi.

Mwaka 2012 picha ya mwanafunzi wa Kisikh wa Chuo Kikuu cha Ohio State, iliyopigwa bila yeye kujua, ilisambazwa ili nywele za uso wake zichekwe. Alijibu kwa upole akieleza imani yake juu ya mwili, na aliyeisambaza akamwomba radhi. Harnaam Kaur wa Uingereza, aliyeingia rekodi za Guinness mwaka 2015 kama mwanamke mwenye umri mdogo zaidi kuwa na ndevu kamili, naye alidhihakiwa tangu shuleni. Aliacha kuziondoa baada ya kupokea amrit akiwa na umri wa miaka 16.

Chanzo cha ndevu zake ni PCOS, hali ya ovari inayoambatana na wingi wa homoni za androjeni. Huwapata takriban mwanamke 1 kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa. Dalili nyingine ni hedhi isiyotabirika, chunusi sugu na ugumu wa kushika mimba, na huongeza hatari ya kisukari. Daktari hupima homoni na sukari kwenye damu, pamoja na altrasaundi. Dawa za kushusha androjeni hazikati unywele, hupunguza kasi ya kuota tu, na matokeo huchukua kama miezi 6 kuonekana. Kwa hiyo binti anayetunza kesh hana sababu ya kukwepa hospitali. Wanaomshambulia kwa ndevu zake, na wanaomwambia avumilie tu kwa sababu ya dini, wote wanamcheleweshea vipimo.

Usafi nao una kanuni zake. Kesh huchanwa kwa kangha mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni. Kosa la kawaida ni kufunga fundo nywele zikiwa mbichi: unyevu unabaki ndani, harufu na muwasho wa kuvu hufuata. La pili ni kukaza mno. Nywele zinazovutwa kila siku kutoka kwenye paji la uso hukatika na hatimaye mstari wa nywele hurudi nyuma. Dawa yake ni kulegeza fundo, kulihamisha mahali na kulifungua usiku. Mwalimu wa urembo anayefundisha hayo anafanya kazi ambayo hata gurdwara nyingi hazifanyi.

Dhana: Mvunja rehat huadhibiwa na yeyote, popote.

Utaratibu upo, umeandikwa, nao haufanani hata kidogo na ukurasa wa maoni. Amritdhari aliyekosea husimama mbele ya mkusanyiko wa waumini, ameunganisha viganja, na kukiri. Watu watano, Panj Piare, huchaguliwa kusikiliza. Mwongozo unauagiza mkusanyiko usiwe mgumu wa kusamehe, na unamwagiza mkosaji asibishane. Adhabu, inayoitwa tankhah, iwe ni utumishi, hasa wa mikono: kuosha vyombo vya langar, jiko la chakula cha bure la gurdwara, kusafisha viatu vya waumini, kufagia. Mwisho wake ni sala, na jambo limekwisha. Aliyetenda moja ya makosa makuu 4 hupokea amrit upya. Masuala ya jamii nzima hupelekwa Akal Takht, kiti kikuu cha mamlaka ya Kisikh, Amritsar.

Kwenye utaratibu huo hakuna mahali pa kumtukana mtu mama yake. Panj Piare wa kutoa amrit wanaweza kuwa pamoja na wanawake, na mwongozo unasema hivyo waziwazi. Basi hata hoja kwamba hukumu ni kazi ya wanaume haina mahali pa kusimama.

Hili si suala la adabu tu. Juni 2025 mwanamke wa Ludhiana aliyekuwa na wafuasi wengi na kutumia jina la Kaur mtandaoni alikutwa amekufa ndani ya gari huko Bathinda, na polisi walisema washukiwa walikerwa na maudhui yake. Hakuna mstari wa rehat unaompa mtu mamlaka hayo, na kila anayeandika kwamba fulani "afunzwe adabu" ajue maneno yake yanasomwa na nani.

Dhana: Njia bora ni kufuta maoni na kukaa kimya.

Kufuta haraka hupoteza ushahidi. Kwanza piga picha ya skrini inayoonyesha jina la akaunti, tarehe na maneno yote, hifadhi na kiungo chake, mpe nakala mtu unayemwamini. Baada ya hapo ndipo uripoti na kuzuia. Kwenye Instagram kuna sehemu ya kuficha maneno unayoyachagua mwenyewe; yaandike kwa Gurmukhi, maandishi ya Kipunjabi, na kwa herufi za Kilatini, pamoja na tahajia za kupotosha, kwa sababu matusi ya Kipunjabi huandikwa kwa namna nyingi na mfumo huyakosa. Mashambulizi yakija kwa wimbi, wekea kikomo akaunti zisizokufuata na zilizokufuata juzi. Mtu wa familia au wa gurdwara ambaye kumzuia kutaleta ugomvi, mbane tu kwa kitufe cha Restrict: maoni yake mapya atayaona yeye peke yake.

Kitisho cha kudhuru mwili kipelekwe polisi siku hiyohiyo, na kamati ya gurdwara ipewe nakala. Na picha za ibada ziwekwe baada ya kuondoka, si ukiwa bado umeketi ukumbini, kwa maana anayekutafuta akishajua unasali wapi na saa ngapi hahitaji anwani yako.